Shamba la Kuazima na Gunia la Mlangoni

Swali "una shamba?" halina maana moja kwa wakazi wa Bonde la Ufa. Kwa tajiri, ni swali la hatimiliki na idadi ya ekari. Kwa kijana aliyeajiriwa mjini, ni swali la urithi ambao wazee bado hawajaugawa. Kwa mnyonge, ni swali la ruhusa: je, yuko aliyekukubalia ulime pake, na amekukubalia hadi lini? Mlaji huona majani tu sahanini, ilhali nyuma ya majani mna udongo, na nyuma ya udongo aghalabu mna mtu mwenye uwezo wa kusema "ondoka". Kilimo kidogo cha mboga, kile ambacho wengi hukidharau kwa kukiita kazi ya akina mama, hakieleweki vyema pasi na kumtafuta mtu huyo na kumuuliza amepata wapi uwezo wake.

Dundori ni mahali panapofaa kulitafutia swali hili jibu. Eneo hili liko juu ya jiji la Nakuru, upande wa mashariki, kandokando ya barabara inayopanda kutoka Lanet kuelekea Ol Kalou katika Kaunti ya Nyandarua. Msafiri anayeipanda njia hiyo asubuhi huliacha joto la bondeni nyuma yake, pamoja na Ziwa Nakuru na mlima wa Menengai, akaingia katika ukungu na baridi ya nyanda zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Viazi, kabichi, karoti na njegere hustawi hapa kana kwamba viliumbiwa papa hapa. Hata hivyo, ardhi ya watu ni haba. Mashamba ambayo mababu waliyanunua baada ya uhuru yamegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata pengine mtu hurithi ploti ya futi 50 kwa 100, nyumba na choo vikiwa ndani yake. Juu ya ploti hizo umekaa msitu wa serikali, mpana na wenye rutuba. Hivyo basi, si ajabu kwamba macho ya mwenye njaa ya ardhi yameuelekea msitu kila mara.

Macho ya serikali nayo yalimwelekea mwenye njaa hiyo. Mnamo 1910 utawala wa kikoloni nchini Kenya ulianzisha utaratibu wa kumpa mkulima kipande cha msitu uliokatwa ili apande chakula chake, naye kwa upande wake aitunze miche ya miti iliyopandwa katikati ya mazao hayo. Wazo lenyewe lilikuwa limetoka mbali. Katikati ya karne ya 19, Dietrich Brandis, Mjerumani aliyeisimamia misitu ya Burma kwa niaba ya Waingereza, aliutumia ukulima wa wenyeji wa milimani kuoteshea misaji. Wenyeji hao waliuita ukulima wao "taungya", yaani shamba la mlimani. Ulipofika Kenya haukuitwa hivyo. Mabwana misitu wa Kiingereza waliazima neno la Kiswahili, wakauita "mfumo wa shamba", na hadi leo neno hilo limo katika vitabu vyao vya taaluma ya misitu. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao huhesabu maneno ambayo lugha yetu imeyapokea kwa Waarabu, Waajemi na Waingereza, wana haki ya kufurahia kwamba hapa ni sisi tuliokopesha. Lakini mkopo huo una uchungu ndani yake. Neno lililomaanisha mali ya mtu liligeuka kuwa jina la mahali ambapo mtu hana mali.

Kanuni za mfumo huo ni rahisi kuzieleza. Eneo lililovunwa miti hugawanywa vipande, na kila familia hupewa chake. Miche ya saipresi hupandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, yaani miche 1,600 katika hekta moja, na baina ya mistari hiyo mkulima hupanda viazi, maharagwe au karoti. Anapoyapalilia mazao yake huwa ameupalilia na mti. Anapofukuza wanyama waharibifu huwa amemlindia serikali mche wake. Baada ya takriban miaka mitatu matawi huanza kushikana, kivuli hutanda, viazi hukonda, na mkulima hufunga virago. Kuanzia hapo mti hubaki peke yake kwa miaka ipatayo 30, hadi siku ya msumeno.

Yafaa kuutazama mpango huu kwa makini, maana umebeba kitendawili. Katika kilimo cha kawaida, bidii humwongezea mkulima mizizi mahali alipo. Katika kipande cha msitu, bidii humng'oa. Kadiri anavyoutunza mche ndivyo unavyokua haraka, na kadiri unavyokua haraka ndivyo kivuli chake kinavyomfukuza mapema. Mtu mwaminifu hujifupishia muda kwa jembe lake mwenyewe. Asiye mwaminifu naye hupata kishawishi kikubwa: akiukata mzizi wa mche kwa siri, au akiuacha unyauke, hupata msimu mwingine wa viazi. Wapo waliofanya hivyo katika misitu mbalimbali ya Kenya, na lawama zao ziliwaangukia hata wale ambao hawakuugusa mti wowote kwa ubaya.

Katika miaka ya 1990, bibi mmoja wa Dundori alikuwa miongoni mwa hao wasiougusa. Wakati huo utaratibu ulikuwa umeshapigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ukarejeshwa kwa sharti kwamba mkulima asiishi tena msituni, bali aende asubuhi na kurudi jioni. Naye alikwenda na kurudi. Alibeba jembe, panga na chupa ya uji, na jioni aliteremka na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda wake ukiwa umekaza kipajini. Kipande chake kilimlipia karo ya watoto wawili na kumlisha yeye na waliomtegemea. Mboga zake zote zilitoka huko: kabichi kubwa kama vichwa vya ndama, terere na managu yaliyoota bila kupandwa, njegere za kuchanganya na viazi. Nyumbani kwake hakuwa amepanda hata jani la dania. Mwenye jirani tajiri kama msitu ana haja gani ya kujisumbua na uwanja wake mdogo?

Mwaka wa 2003 jirani huyo alifunga lango. Serikali mpya iliyoingia madarakani mwishoni mwa 2002 iliagiza wakulima waondoke katika misitu yote. Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa naibu waziri wa mazingira tangu Januari mwaka huo, aliupinga mfumo wa shamba kwa nguvu zake zote. Hoja yake ilikuwa na uzito. Shamba la misaipresi na viazi si msitu. Udongo unaolimwa kila msimu hauyashiki maji kama udongo uliofunikwa na vichaka na miti ya asili. Na pale ambapo usimamizi ulikuwa legelege, mazao yalibaki na miti ikapotea. Yeyote anayekaa Nakuru anapaswa kuisikiliza hoja hiyo, kwa sababu mito inayolilisha Ziwa Nakuru huanzia katika nyanda za juu, na mito haijui siasa. Hata hivyo, bibi wa Dundori naye alikuwa na hoja, ingawa hakuwa na jukwaa. Miti aliyoitunza ilikuwa imesimama. Alikuwa ametimiza sehemu yake ya mapatano, na sasa alirudishwa nyumbani pamoja na wale waliozitimua sehemu zao. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mkosaji ilimpata asiye na kosa akiwa ameinama kwenye mistari ya karoti.

Ukata ulibisha hodi haraka. Mwanamke aliyekuwa akigawa kabichi kwa majirani sasa alisimama mbele ya kibanda cha mboga akihesabu sarafu. Sukuma wiki, ambayo jina lake lenyewe lasema kazi yake ni kuisukuma wiki hadi siku ya mshahara, ilikuwa sasa ikinunuliwa na mtu asiye na mshahara. Ndipo alipoutazama uwanja wake kwa mara ya kwanza kama mkulima. Palikuwa na nafasi finyu baina ya mlango wa jikoni na ua wa michongoma, mahali pa kukaushia vyombo na pa kuku kuchakurachakura. Palikuwa pia na magunia matupu ya viazi.

Gunia hilo lina historia yake. Wachuuzi wa viazi waliwazoeza wakulima wa nyanda za juu kujaza gunia hadi shingoni, kisha kuliongezea kilemba cha wavu juu yake, na bei ikabaki ile ile ya gunia moja. Serikali imejaribu kuukomesha mtindo huo zaidi ya mara moja, na kanuni za 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50. Chombo hicho hicho kilichokuwa kikimpunja mkulima sokoni ndicho alichokisimamisha bibi huyo mlangoni pake.

Gunia la kwanza lilimshinda. Alilijaza udongo mtupu wa uwanjani, akaushindilia, akapanda, akamwagilia juu. Maji yalituama kinywani, miche ya juu ikaoza, na ya ubavuni ikafa kwa kiu. La pili alilitengeneza kwa namna ambayo wataalamu wa kilimo huielekeza. Alichukua mkebe mkubwa usio na kitako, akausimamisha katikati ya gunia, akaujaza kokoto. Kandokando yake alitia udongo uliochanganywa na samadi iliyokwisha kuoza vizuri, kwa kuwa samadi mbichi huichoma mizizi. Udongo ulipofika ukingo wa mkebe, aliuvuta mkebe juu kidogo, akaongeza kokoto na udongo tena, hadi gunia likajaa na nguzo ya mawe ikabaki katikati kutoka chini hadi juu. Maji yanayomiminwa katika nguzo hiyo hushuka na kusambaa, yakafika hata kwenye mche wa chini kabisa. Ubavuni alitoboa matundu kwa umbali wa shubiri, bila kuyapanga moja juu ya jingine, akapenyeza miche ya sukuma wiki na spinachi. Juu alipanda vitunguu vya majani na dania. Gunia moja lililotengenezwa hivyo hubeba miche 30 au zaidi mahali ambapo ardhini ingetosha michache tu.

Mengine aliyajifunza kwa kuishi nayo. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Ya sabuni nyingi hayafai. Majivu ya jikoni yakinyunyizwa asubuhi, majani yakiwa na umande, huwapunguza vidukari. Usiku wa sakitu, gunia la zamani likitandazwa juu huiokoa miche. Majani huchumwa kuanzia chini, machache kwa kila shina, ili moyo wa mmea usiguswe. Jua huuchakaza uzi wa gunia baada ya misimu michache, na udongo wake hauna budi kumwagwa, kuongezwa mboji na kutiwa katika jingine. Baada ya magunia yalikuja madebe, karai lililotoboka, na sufuria ambayo ilikuwa imepika githeri kwa miaka ishirini kabla ya kuota managu.

Ni vyema kuepuka chumvi katika jambo hili, maana wapenzi wa bustani hizi huwa wepesi wa kuahidi mengi. Gunia halilishi nyumba. Halitoi unga wala maharagwe ya kutosha, na viazi vyake ni vya kuonja. Ukame ukija, nalo hukauka, tena mapema kuliko ardhi, kwa sababu upepo huligusa pande zote. Mtu mwenye magunia manne hajaacha kuwa maskini. Faida yake ni nyingine, nayo yahesabika. Nyumba inayonunua mboga za shilingi 30 kila siku hutumia shilingi 10,950 kwa mwaka. Fedha hizo hazitoki kwa mkupuo, kwa hiyo hakuna anayeziona zikitoka; lakini zikikaa, huonekana. Faida ya pili haihesabiki kwa shilingi. Aliyepanda mwenyewe anajua ni maji gani yaliyoinywesha mboga yake na ni dawa gani iliyoipata au haikuipata. Mnunuzi wa sokoni hujua bei tu.

Haja hii ya kulima mboga mahali padogo si ya Dundori pekee, wala si ya Afrika pekee. Mjini Leipzig, Ujerumani, katika miaka ya 1860, uwanja wa michezo ya watoto uliopewa jina la daktari Schreber uligeuka kuwa vibustani vya familia, na mfano wake ukaenea nchi nzima. Uingereza ilikwenda mbali zaidi kwa kutunga sheria. Mnamo 1908 Bunge lilizibebesha serikali za mitaa wajibu wa kuwatafutia wakazi wanaohitaji vipande vya kukodi vya kulimia mboga, na sheria ya 1925 ikazuia vipande vilivyotengwa kwa kazi hiyo visiuzwe bila idhini ya waziri. Kipande cha kawaida huko ni takriban mita 250 za mraba. Mwingereza mwenye kipande hicho si mmiliki. Yeye pia ameazima. Tofauti ni kwamba wake wa kuazima una sheria nyuma yake, ilhali wa Dundori una kivuli cha mti mbele yake.

Nchini Kenya, gunia lilipata umaarufu mahali ambapo hata kuazima hakukuwezekana. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia wakazi wa Kibera na mitaa mingine ya mabanda ya Nairobi kulima mboga katika magunia vichochoroni. Huko watu hawakuwa na uwanja, wala ua, wala msitu wa kuutamani. Walikuwa na upana wa mlango. Ikadhihirika kwamba mboga hazihitaji hatimiliki. Zinahitaji udongo, maji, jua na mtu asiyesahau.

Msitu nao ulifunguliwa tena. Sheria ya Misitu ya 2005, iliyoanza kutumika 2007, iliwatambua wakazi kupitia vyama vya jamii vya misitu, na vipande vikarudi kwa mpango mpya ujulikanao kwa ufupisho wa PELIS. Sasa palikuwa na maandishi: mkulima ni mwanachama, hulipa ada, hutia sahihi, na hujua tangu mwanzo kwamba ataondoka. Bibi alitia sahihi. Alilima tena misimu kadhaa, miti ikakua, akaondoka tena. Lakini safari hii alipoteremka na jembe lake hapakuwa na kilio nyumbani, kwa kuwa magunia yalikuwa yamesimama mlangoni muda wote huo. Alikuwa amejifunza kuuchukua msitu kama mgeni anavyouchukua ukarimu: hula, hushukuru, wala haivunji nyumba yake kwa sababu amekaribishwa kwa jirani. Somo hilo lilihitajika. Mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, marufuku iliyodumu hadi Julai 2023. Na pasipokatwa miti, hapana eneo jipya la kupandwa, wala vipande vipya vya kugawa. Naibu Rais alipotangaza mnamo Septemba 2022 kwamba mfumo wa shamba ungerejeshwa, nchi ililipuka kwa mabishano yale yale ya 2003. Waliosema msitu ni uhai walisema kweli. Waliosema watu wanahitaji kula walisema kweli pia.

Kati ya marufuku na mabishano hayo kulitokea jambo lililoipima thamani ya magunia. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Korona, mjukuu wa bibi huyo alirudi nyumbani kutoka chuo kikuu alikokuwa akisomea Kiswahili. Alikuta binamu zake watatu wamekwisha kufika, pamoja na mama yao aliyepoteza kibarua chake mjini. Alikuta pia magunia saba.

"Shosho," alisema siku ya pili, "watu wakipita hapa watafikiri tumehama. Magunia mlangoni!"

"Wafikirie wakipita," bibi alimjibu. "Wakisimama, wataomba dania. Chukua lile debe, mjukuu wangu, ukateke maji."

Aliteka kwa wiki nzima bila kusema neno, kama mtu aliyeadhibiwa. Wiki ya pili alianza kuuliza. Kwa nini kokoto, na si mchanga? Kwa nini managu yachumwe ncha, na sukuma ichumwe chini? Mwezi wa tatu alikuwa ametengeneza magunia mawili yake mwenyewe, na alikuwa akiyazungusha kidogo kila siku chache ili kila ubavu upate jua. Mwaka huo Wizara ya Kilimo ilitangaza kampeni ya bustani milioni moja za jikoni. Habari hizo zilipotolewa redioni, bibi alicheka, akauliza kama zake zilikuwa zimehesabiwa. Watu sita walikula mboga za mlangoni miezi ile. Hawakushiba kwa mboga hizo, lakini unga ulionunuliwa kwa taabu haukuliwa mkavu hata siku moja, na hakuna aliyetumwa kukopa kitoweo kwa jirani. Wanaojua aibu ya mtoto anayetumwa kukopa watajua uzito wa sentensi hiyo.

Kisha ukaja mtihani ambao haukutoka serikalini. Nakuru ilitangazwa kuwa jiji mnamo Desemba 2021, na nyumba za kupangisha zikazidi kupanda kutoka Lanet kuelekea milimani. Mwana wa bibi, mjomba wa kijana yule, alifika na fundi wake wakapima uwanja kwa kamba. Alitaka kujenga vyumba viwili, na mahali pekee palipofaa ni pale pale penye magunia. Kijana alikasirika. Alikuwa tayari kubishana na mjombake, jambo ambalo si la heshima, na ambalo asingelifikiria miaka miwili kabla. Bibi hakukasirika. Alisema vyumba vijengwe, kwa kuwa kodi itawasomesha watoto, na uwanja ni wa wote.

"Na bustani, Shosho?"

"Bustani ni gunia. Gunia huwekwa."

Yaliyofuata yalikuwa jasho tupu, maana gunia lililojaa udongo halibebeki begani. Iliwabidi wayamwage, wausombe udongo kwa karai, wayajenge upya kwenye ukingo wa ua, nyuma ya vyumba, mahali ambapo jua hufika kuanzia saa nne. Baadhi ya miche ilikufa. Ile iliyopona ilichelewa kwa majuma kadhaa, na kwa majuma hayo nyumba ilirudi kwenye kibanda cha mboga na sarafu zake. Hakuna sababu ya kuficha hilo. Wapangaji walipoingia, mmoja wao, mama mwenye mtoto mchanga, aliuliza kama angeruhusiwa kuweka debe lake karibu na magunia. Bibi alimwonyesha mahali. Hakumtoza chochote wala hakumwambia ni hadi lini, ingawa yeye mwenyewe alijua vyema uzito wa kutoambiwa hadi lini.

Basi ni nani awezaye kumwambia mwenye mboga "ondoka"? Kipande cha msitu kina jibu moja, uwanja wa familia una jingine, na hata chumba cha kupanga kina lake. Gunia haliondoi jibu hilo, wala haliwezi kuwa udhuru wa serikali kuacha kuwafikiria wasio na ardhi. Mji unaokua kama Nakuru ungefanya vyema kuiga zile nchi zilizotenga ardhi ya mboga kwa sheria, kabla ardhi yote haijawa saruji. Na msitu wa Dundori wafaa uachiwe kazi yake ya kuyashika maji, pasi na kugeuzwa kila baada ya uchaguzi kuwa zawadi au adhabu. Maadamu hayo bado hayajafanyika, mkulima wa ploti ndogo amebaki na fani ambayo hakuna amri iliyoweza kumnyang'anya: anajua kokoto zinakaa wapi, samadi imeiva lini, jani lipi lichumwe leo na lipi lingoje kesho. Fani hiyo aliipata kwa kuondolewa mara mbili na kuhamishwa mara moja, na sasa ameirithisha kwa kijana aliyesoma na kwa mpangaji asiye na uhakika wa mwezi ujao. Huyu wa pili ameshapanda dania katika debe lake.